Salamu ya Mzee wa Dirishani

Dada wa meza ya dirishani ndiye anayetunza amri za kompyuta zinazounganisha vipande vya programu zetu kabla hazijamfikia mteja. Sisi wenye haraka tunazirundika zote kwenye faili moja. Yeye huzichambua kama mchele, kila moja akaipa folda yake, jina lake, na mstari mmoja wa kueleza inafanya nini. Hugonga vitufe polepole, kama anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Akitaka kufuta amri iliyochakaa, kwanza huvua miwani, huipangusa kwa pindo la sweta, kisha huiambia amri hiyo, ingawa haisikii, "Haya, kapumzike."

Juzi bosi aliinama kwenye skrini yake akakuta amri isiyounganisha chochote. Aliiandika marehemu mzee wetu, aliyekuwa akikalia meza hiyohiyo; programu ikikamilika, amri hiyo huandika tu kwenye skrini: "Poleni na kazi, wanangu. Nendeni mkale."

"Hii ya nini? Itoe."

Dada akavua miwani. Akaipangusa, akaivaa tena. "Niachie, bosi. Nitaipangia mahali pake."

Kesho yake salamu ile ilitokea kwenye kila mradi, hata ule mpya wa bosi mwenyewe. Dada alikuwa ameigeuza plagini, kifurushi kidogo kinachochomekwa kote. Bosi akakunja uso, akafungua folda ya plagini hiyo, akasoma mstari wa maelezo: "Huyu ni baba. Anatujulia hali." Akafunga kompyuta taratibu, akaenda kula.