Mahindi Yasiyokatika

Nikisikia mtu akiisifu ile ramani mpya ya kompyuta, natamani kutema mate.

Wazazi walipofariki niliacha shule, nikaenda Kitale kuuza mitumba ili wadogo zangu wasome. Shamba walilotuachia liko nje ya Bungoma, na ndipo walipozikwa. Mwaka huu nilikwenda ofisi ya ardhi kuomba ramani yake, tuliandikishe kwa majina yetu.

Nikawakuta wakaguzi waliokuja kupima kama mfumo wa ramani unafanya kazi. Karani alipotafuta mahali petu, picha ikafunguka papo hapo.

"Umeona hiyo spidi, madam?" mkaguzi mmoja akauliza, saa mkononi.

Nilichoona ni shamba la jirani limenenepa, limetumeza. Makaburi ya wazazi yalikuwa ndani ya mpaka wake.

Nilijua kilichotokea. Sisi na jirani hukodi trekta moja, na dereva hulima akivuka mpaka bila kugeuza, kuokoa mafuta. Mpaka wenyewe tunaujua kwa mikonge iliyopandwa huku mwisho na kule mwisho. Mchoraji wa ramani aliona kwenye picha ya angani mahindi yasiyokatika, akazungusha mstari mmoja.

"Hapa mmekosea," nikasema.

"Hiyo ni mambo ya data, madam. Sisi leo tunapima mfumo. Umefunguka ama haukufunguka?"

"Umefungua uwongo."

Karani akacheka. Mkaguzi akanisogezea kidude chenye nyuso mbili, moja inacheka, nyingine imenuna. "Bonyeza ya kucheka, si umehudumiwa?"

Wazazi wangu wamefutwa, nami nicheke! Nilibonyeza iliyonuna, nikaketi kwenye benchi yao hadi karani akapokea malalamiko yangu.

Jirani nilipomweleza alipiga kofi pajani. "Na wewe dada, si ungenyamaza tu? Shamba la bure!" Kisha akaacha kucheka, akasema atakuja kunitolea ushahidi.

Trekta ilipokuja, nilisimama mpakani, kati ya mikonge.

"Mathe, toka bana! Unanimalizia mafuta!" dereva akapiga kelele.

Sikutoka. Akasonya, akainua plau, akageuza.

Ramani haijarekebishwa, na nasikia mfumo umesifiwa kwa spidi. Kila mwezi naenda pale ofisini kuuliza. Karani akiniona, hujitia ana kazi. Lakini kati yetu na jirani sasa kuna ukanda wa nyasi usiolimwa, kutoka mkonge hadi mkonge. Wakipiga picha nyingine, watautazama wapende wasipende.