Daftari la Afande Rajabu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo hata leo ikinijia huwa nacheka kwanza, halafu aibu inafuata. Jana nilikusikia ukisema hutamwalika rafiki yako kwenye ubatizo wa mtoto wako, kwa kuwa yeye hajajaliwa kuzaa na hutaki aumie. Ulisema kwa upole, na najua moyo wako ni mweupe. Hata wangu ulikuwa mweupe. Kaa basi nikueleze, maana kosa hilo mimi nililifanya miaka sita mfululizo.

Wakati huo nilikuwa konstebo hapa Kampala. Tuliishi katika kambi ya polisi upande wa Nateete, kwenye vile vibanda vya mabati vya mviringo tunavyoviita mama ingia pole, kwa sababu mlango ni mfupi na usipoinama utaota nundu usoni. Mlango uliotazamana na wangu ulikuwa wa Rajabu. Yeye Mwislamu wa Arua, mimi Mkristo wa kabila la Lango, lakini tuliingia mafunzo siku moja na tukala sufuria moja. Nilipooa nikapata mapacha, Opio na Ocen, kisha binti, Akello. Rajabu na mkewe Zainabu walikuwa na miaka kumi na moja ya ndoa bila mtoto.

Nami nikajifanya daktari wa ugonjwa nisioujua. Nikiwa nimempakata Akello nikamwona Rajabu anakuja, nilimshusha mtoto upesi nikamfukuza akacheze. Mapacha niliwakataza kuingia kwake. Unajua baba wa mapacha hapa huitwa Salongo, na jina hilo ni heshima. Nikawaomba wenzetu wasiniite hivyo mbele yake. Ubatizo wa watoto wangu, hakuna hata mmoja niliomwalika. Yote hayo niliyaita huruma. Na nisikufiche, ndani yake palikuwa na kauoga kidogo, maana kambi ina midomo, na midomo ilisema jicho la asiyezaa ni zito kwa watoto wa wenzake. Nilijidai siamini. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini mimi kunguni wa Rajabu nilishawahesabu bila kuingia chumbani kwake.

Mwaka wa sita mke wangu alikuwa na mimba tena, na sikumwambia Rajabu neno. Tumbo alikuwa analiona, bila shaka. Karibu na siku za kujifungua nikasikia kwa watu kwamba ameandika barua ya kuomba uhamisho, arudi Arua. Iliniuma sana. Nikasema moyoni, rafiki gani huyu anayetaka kuondoka hata bila kuniambia? Kumwuliza nikashindwa, kwa kiburi.

Basi alfajiri moja uchungu ukamshika mke wangu. Mama mkwe alikuwa bado njiani kutoka Lira, Zainabu alikuwa kwao msibani, na majirani wanawake walishatoka kwenda kuchuuza Nakivubo. Nimesimama nje na watoto watatu, gari la kukodi linanguruma, sijui la kufanya. Ndipo Rajabu akatokea, anarudi kutoka zamu ya usiku, kofia mkononi.

"Peleka mama," akasema. "Hawa mimi nakaa nao."

"Rajabu, hujalala."

"Kulala iko kila siku. Kwenda, bwana."

Nikaenda. Mungu anisamehe, njia nzima hadi hospitali kule Mengo nilikuwa nawaza mambo ya kipuuzi. Je, akiwatazama atalia? Je, ataweza kumvalisha mtoto nguo? Mwanamume huyu alijua bunduki na filimbi tu.

Mke wangu akajifungua salama kabla ya saa tano, mtoto wa kike. Nilirudi saa sita nikiwa na furaha ambayo nilikuwa naikunja niifiche, nikitafuta namna ya kumwambia Rajabu isiyo na makali. Nikafika kwangu, mlango wazi, ndani hakuna mtu. Yale maneno ya kambini niliyojidai siyaamini yote yakanijia kwa mpigo. Kisha nikasikia, kutoka mlango wa Rajabu, amri za gwaride zikitolewa kwa kunong'ona.

Niliinama nikaingia. Opio na Ocen walikuwa wamesimama wima, kila mmoja na sufuria kichwani, wanapiga hatua kwa ncha za vidole. Rajabu ameketi chini, ameegemea kitanda, mguu ameunyoosha, na Akello amelala juu ya paja lake, mate yanalowesha suruali ya sare. Akanionyesha kidole mdomoni ninyamaze, halafu akaninyooshea daftari la shule la Opio.

"Soma ripoti kwanza," akasema. "Ndiyo utachukua watu yako."

Mwanangu, Rajabu hakujua kulea. Alijua kulinda zamu. Kwa hiyo alikuwa ameiandika asubuhi yote kama vile tunavyoandika kituoni katika kitabu cha matukio. Daftari hilo ninalo mpaka leo:

Saa 1.15. Nimepokea watoto watatu, wote wazima.

Saa 1.40. Mdogo analia. Sababu haijulikani. Upelelezi unaendelea.

Saa 2.05. Upelelezi umekwisha. Alitaka kikombe chekundu.

Saa 3.00. Opio amemuuma Ocen. Wamesameheana mbele yangu.

Saa 3.10. Ocen amemuuma Opio. Ni kesi ileile.

Saa 4.00. Gwaride. Wote wamehudhuria, mmoja bila suruali.

Saa 4.50. Opio anauliza kwa nini baba yake huwakataza kuja kwangu. Sikumjibu. Sijui.

Saa 5.20. Mdogo amelala kwa mguu wangu. Mguu umekufa ganzi. Siondoki.

Nilikuwa nacheka, nacheka, mpaka nilipofika saa nne na dakika hamsini. Hapo nikakaa chini.

"Salongo," akasema Rajabu, na hakuwahi kuniita jina hilo. "Mama iko namna gani?"

"Amezaa. Msichana," nikajibu kwa sauti ya chini.

"Sasa mbona unasema kama mtu amekufa?"

"Sikutaka uumie, Rajabu. Hata watoto niliwakataza kwa sababu hiyo."

Akamfunika Akello mguu kwa khanga ya Zainabu. "Kukosa mtoto, hiyo mimi na Mungu tunaongea," akasema. "Lakini nikija kwako, unashusha mtoto chini kama mimi iko na ugonjwa. Hiyo ndiyo inaniumiza. Arua, watoto ya kaka yangu wananipanda mgongo mpaka nachoka. Hapa naishi kama mwizi. Wewe uliniuliza siku gani?"

"Sikukuuliza."

"Basi."

Nililia, mwanangu, askari mzima, mbele ya wanangu wenye sufuria kichwani. Nikamwomba msamaha, nikamwomba barua ile asiipeleke. Akasema atafikiri. Alifikiri wiki mbili, nami sikupata usingizi mzuri. Kisha akaichana, na jioni hiyo akaja kumbeba mtoto mchanga bila kubisha hodi.

Hawakupata mtoto, nisikudanganye. Palikuwa na siku ambazo Rajabu alisema, "Leo hapana, Salongo," nasi tukamwacha na Zainabu wake. Lakini wanangu walikua na milango miwili. Ocen alipotaka kuoa, alimpigia simu Rajabu kwanza, siyo mimi. Niliona wivu kidogo, nikaumeza. Mkono mmoja haulei mwana, na mimi nilikuwa nimeukata mkono wa pili kwa upanga wa huruma.

Sasa neno langu ni hili. Usimchagulie mwenzio maumivu yake. Nenda kwa rafiki yako leo, usitume ujumbe wa simu, nenda kwa miguu yako, umwambie kuna ubatizo na unamtaka awepo. Akisema hawezi, kubali, usinune, na mwakani umwalike tena. Akisema anakuja, mpe mtoto ambebe, wala usimsimamie mgongoni ukimtazama mikono. Siku ukikwama, mwachie watoto asubuhi nzima. Watarudi na suruali iliyogeuzwa mbele nyuma, na hakuna atakayekufa kwa hilo. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kujibu kwa niaba ya mtu aliye hai, jirani yako, anayekusubiri umwulize.

Mungu akukuzie mtoto wako katika mikono mingi. Na huyo rafiki yako, Mungu ampe anachokiomba; na kikichelewa, kisimkute akikingoja peke yake wakati wewe upo. Haya, inuka uende, kabla hajaanza kupika cha mchana.