Flamboyant yangu ya Bukavu imetoa majani

Leo nimeita jirani aone nilivyo fundi wa miti. Mucheke haraka, tumalize.

Vita vilipotutoa Bukavu, nilivuka mpaka na mche wa flamboyant ndani ya sufuria. Mama yangu alizoea kivuli cha ile yetu ya kule.

Nikaupanda hapa lupangoni, uani kwetu, nikaufunga kwenye kijiti cha mti wa umuvumu usianguke. Maji asubuhi. Maji jioni. Batoto wakose ya kunawa, flamboyant inywe!

Asubuhi hii: majani!

Ni kweli, majani ya flamboyant ni madogo madogo kama manyoya, na haya yalikuwa mapana. Nikasema ni udongo mzuri wa Rwanda.

Jirani, Maman Aline, akainama, akashika majani.

“Papa Fiston, flamboyant ilikufa zamani. Maji yako yameozesha mizizi. Majani haya ni ya kijiti.”

Hapa Rusizi nani hajui kwamba umuvumu ukiuchomeka tu unashika? Mimi peke yangu, muntu mzima.

Mama yangu hakucheka. Ameleta kiti chake, amekaa kando ya kijiti, ananiambia:

“Sasa weka ndoo chini. Hii yenyewe isikufe.”