Shavu la Mjukuu wa Mama Pasi

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, na aliyemwita hivyo hakumtukana. Shati hata likunjamane vipi, likipita mikononi mwake lilitoka limenyooka, na majirani walitania kwamba hata marehemu mumewe alinyooshwa vivyo hivyo. Moto wa pasi ndio uliomlishia watoto. Basi nani wa kumlaumu kwa kuuamini moto kupita kiasi?

Mjukuu wake wa kike alikuwa na uvimbe mwekundu shavuni tangu uchanga. Mama yake mtoto, binti wa Mama Pasi, aliomba nafasi ya kipimo cha altrasaundi hospitalini, akaambiwa asubiri. Akawa anamwachia bibi mtoto na kwenda kazini. Bibi naye roho haikutulia. Kila alipolitazama lile shavu aliona saratani. Siku moja akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, akapima joto kwa kiganja chake, akaukandamizia ule uvimbe. Kumbe kile kiganja kilishakufa ganzi kwa miaka ya pasi. Ngozi ya mtoto ikababuka.

Zamu yao ilipofika, kidonda kilikuwa kimeshageuka kovu. Daktari alipaka jeli, akatelezesha kifaa polepole kando ya kovu, mtoto akiwa amepakatwa na mama yake. Mama Pasi alisimama ukutani akiomba kimoyomoyo, Mungu amsamehe, uvimbe ule uwe mbaya kweli, ili na yeye apate cha kujitetea.

Kwenye skrini yakawaka madoa mekundu na ya buluu.

"Hii ni damu inapita," daktari alisema. "Ni mishipa midogo ya damu tu imejikusanya. Si saratani, ondoeni hofu."

Binti akashusha pumzi. Mama Pasi akamgeukia daktari.

"Ungeisha wenyewe, mwanangu?"

"Umeshaanza kunywea, bibi. Aina hii hupungua taratibu, wengi hata hatuwagusi. Kitakachobaki ni hilo kovu la moto."

Hakuna aliyemgombeza, na hilo ndilo lililomkata maini. Binti yake aliikodolea macho skrini huku machozi yakimtiririka. Laiti angefoka.

Daktari akamnyooshea Mama Pasi karatasi laini. "Mfute jeli, bibi."

Mama Pasi akainama, akapeleka mkono. Mtoto akaliziba shavu kwa viganja vyote viwili. Bibi, angali ameinama, akamkabidhi binti yake ile karatasi.