Mwanamke Aliyeingia Kivulini Ngaremara

Saa tatu asubuhi, Nakal Achuka anazima pikipiki yake hatua arobaini kabla ya kivuli. Kwa miaka sita ameegesha hapa hapa. Mgunga mkongwe wa Ngaremara, ambao wasafiri wanaopitia Isiolo hukatiza safari ili wauone, ni mti wa wanaume. Wazee hula nyama na kuamua kesi chini yake. Mwanamke, Nakal akiwemo, hakanyagi kivuli chake.

Abiria anayeshuka leo ni Kiambi, mwalimu mstaafu kutoka Nkubu. Anatembea kwa mkongojo, lakini anatembea. Nakal anamfuata kwa macho mpaka afike kwenye shina, kisha anavua helmeti na kushusha pumzi.

"Siku ile nilijua nimebeba maiti," anasema.

Siku ile ilikuwa wiki tatu zilizopita. Mwalimu alikuwa na saa mbili tu kabla ya basi lake la Marsabit. Alifika chini ya mgunga, akaugusa, akaanguka. Sukari ilikuwa imeshuka. Wazee wote walikuwa mjini kwenye mnada wa mifugo. Wanawake wawili waliokuwa wakipita na kuni walikuja mbio, wakasimama kivuli kinapoanzia kama watu waliofika ukingo wa mto.

"Niliwaambia waje tumwinue. Wakasema, 'Mlete hapa nje kwanza.' Nikaingia peke yangu."

Alimshika makwapani, akamburuta mpaka juani. Hapo wanawake wale wakatua kuni, wakampandisha kwenye pikipiki na kumfunga mgongoni mwa Nakal kwa shuka mbili, kama mtoto. Njia nzima hadi hospitali kichwa cha mwalimu kilimgonga begani. Daktari alimwambia kwamba wangechelewa kidogo tu, wangempoteza.

Mwalimu akapona, Nakal akashtakiwa. Wazee walimtoza mbuzi mmoja na kumtaka aombe radhi. Kabla ya hapo, asilete mgeni yeyote. Safari ya kwenda na kurudi ni shilingi mia nane, na ndiyo inayomsomesha mwanawe, Ekeno. Bila mti, alibaki kubeba magunia ya makaa kule Burat.

"Niliona kesi yake ni yangu," anasema Kiambi. Ndiyo maana amerudi, na wamekuja na mbuzi wa faini, amefungwa miguu juu ya tangi la mafuta.

Mzee Lokaale, msemaji wa wazee, anakuja kumchukua mbuzi, anambeba mpaka kivulini na kumpapasa mbavu.

"Huyu amekonda kama wewe, mwalimu."

"Mimi hospitali imeninenepesha. Nyinyi kuleni huyo tu."

Wazee wanacheka. Wanateta kidogo kwa Kiturkana, kisha Lokaale anapaza sauti: kuanzia kesho, Nakal alete wageni wake. Mabega ya Nakal yanalegea. Anacheka peke yake, anajifuta uso kwa ncha ya leso.

Mpango wake sasa ni kujenga kibanda cha mikeka hapa anapoegesha, ili wageni wanawake wapate pa kukaa wakiutazama mti.

"Imebaki neno moja, mama Ekeno," Lokaale anamwita kutoka kivulini. "Omba radhi hapo hapo ulipo, tuchinje."

Nakal anavaa helmeti yake.

"Mbuzi nimeleta, mzee, kwa sababu niliingia. Hiyo ni haki yenu. Lakini radhi siombi. Mwalimu akianguka tena saa hii, naingia tena."