Msomi Mwenye Ndevu za Pamba

Hadi leo nikinusa gundi, kidevu huniwasha. Nilikuwa shule ya kati huku Haltom City, na mwalimu wetu wa maigizo alinibandika ndevu za pamba wakati nilichokitaka mimi ni taji la malkia. Mchezo wenyewe ulimhusu mfalme wa Uskoti aliyepata ufalme kwa kumuua mgeni wake akiwa usingizini. Umalkia alipewa mwingine. Mimi nikapewa nafasi ya msomi aliyeishi karne tano zilizopita, aliyeandika kwa Kilatini historia ya taifa lake, ambamo watunzi wa tamthilia walikuja kuchota. Kazi yangu ilikuwa kusimama mbele ya pazia, kumtambulisha mfalme, kisha nipotee.

Nilinuna wiki nzima. Halafu, kwa hasira tu, nikasoma habari za yule msomi, na nikagundua kwamba mengi aliyatunga. Mfalme wa kweli alitawala miaka mingi, na huyo mgeni alikufa vitani. Nilimweleza Baba akiwa anavua buti za kazini. Baba, aliyekimbia vita vya Uvira pamoja na Mama kabla sijazaliwa, aliacha buti moja mguuni.

“Kumbe walimusingizia! Utayasema pale mbele ya batu?”

“Teacher said okay. Kidogo tu.”

Siku ya onyesho Baba alibadilishana zamu, akaja na suti ya kanisani. Nilianza vizuri. Nilipofika kwenye “lakini mfalme huyu hakuwa,” taa zikazimwa, muziki ukalipuka na pazia likafunguka nyuma yangu. Mwalimu alikuwa ameona muda unakwenda. Niliendelea kusema gizani, pamba ikiniingia mdomoni, bila yeyote kunisikia.

“Mumuache mutoto amalize!” Baba alinguruma kutoka viti vya nyuma.

Muziki ukakatika. Watu wakageuka, wengine wakacheka.

“Baba, sit down!” nilipiga kelele, na katika yote niliyosema jioni ile, hayo ndiyo yaliyosikika vizuri zaidi.

Akaketi. Mfalme akaua, malkia akapigiwa makofi. Garini nililia kwa hasira, nisijue nimemkasirikia nani zaidi, mwalimu au yeye.

Nilikuwa mtu mzima Mama aliponisimulia mahojiano yao ya ukimbizi kambini, ndipo nikamwelewa Baba. Alikuwa ameeleza kwa kirefu jinsi kaka yake alivyouawa, na kwamba hakuwa mwasi kama ilivyosemwa. Mkalimani akayafupisha yote kwa sentensi mbili za Kiingereza, na mhojaji akafunga faili. Baba alijua kabisa yamepunguzwa. Lakini mimi nilikuwa tumboni, naye alitaka tupite, turuhusiwe kuja huku, kwa hiyo akanyamaza.