Diski Isiyouliza Swali

Ipo siku moja ya ujana wangu ninayoikumbuka hadi leo, mwanangu. Kwa kuwa sasa wewe ndiye unayeingia katika nyumba za watu kutengeneza kompyuta zao, nataka uisikie kabla hujafika mbali.

Nilikuwa nimetoka Kisumu na kuvuka mpaka, bado sijaoa, nina kibanda changu cha ufundi mtaa wa Namuwongo. Mtaa wa jirani, Makindye, aliishi Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu. Maradhi yalimpofusha akiwa mtu mzima, lakini vidole vyake vilichapa haraka kuliko vyangu. Wakimbizi wenzake walikwenda kumsimulia yaliyowapata njiani, naye akayachapa kwa Kifaransa ili wayapeleke maofisini. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, ila ilikuwa na programu iliyomsomea kila neno kwa sauti. Bila sauti ile, kwake ilikuwa sanduku tu.

Umeme ukikatika vibaya, Windows iliharibika, na ilibidi iwekwe upya. Wakati wa kuiweka, kompyuta huwa bubu. Maswali yote huja kwenye skrini. Kwa hiyo aliniita mimi, na nilipenda kuitwa.

Kisha nikaenda nyumbani kumzika babu yangu. Kompyuta ikafa nikiwa huko, akaitwa fundi mwingine. Aliitengeneza vizuri, lakini aliyasoma yaliyokuwamo, akaenda kuyazungumza. Mama mmoja alikuwa amemweleza Mama Furaha mambo ambayo hata mumewe hakuyajua. Mama huyo akayasikia yakitajwa bombani, watu wakiteka maji. Akahama mtaa.

Niliporudi, Mama Furaha aliniketisha.

"Kijana yangu, niko nataka unitengenezee diski ya Windows," alisema kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Niiweke mimi, pekee yangu, bila macho ya mtu."

"Mama, si mimi nipo? Nitakuja kila mara. Unanijua, sisemi mambo ya watu."

"Niko nakujua. Lakini yule mama hakukuambia wewe. Aliniambia mimi. Mimi njo nilimwambia haitatoka humu ndani."

Nikaanza kazi.

Kwanza nilinakili maelezo ya watu kwenye flashi, naye akaificha mwenyewe. Kisha nikaihamishia CD ya Windows kwenye kompyuta yangu, nikaondoa vitu vizito ambavyo mashine kuukuu isingeviweza. Nikaongeza draiva ya sauti, yaani kiprogramu kinachoiwezesha kompyuta ya aina ile kusema, maana CD ya kawaida haikuwa nayo. Nikatia na ile programu ya kusoma, ianze yenyewe mara Windows inapowaka. Mwisho nikaandika faili ya majibu: lugha, saa, jina, na mahali pa kuweka Windows ili sehemu yenye maelezo ya watu isiguswe. Kila ambalo mashine ingemuuliza, nililijibu mapema. Ndivyo nilivyodhani.

CD ya kwanza ilikwama. Tulikuwa tumekaa wawili, yeye akisikiliza feni ya kompyuta, mimi nikitazama skrini. Swali likatokea: draiva ya sauti haijathibitishwa, iendelee? Nikanyoosha mkono nibonyeze. Akasikia nguo yangu ikisogea, akanishika.

"Imeuliza?"

"Kitu kidogo tu, Mama. Nabonyeza, inaendelea."

"Usibonyeze. Siku niko pekee yangu, nani atabonyeza?"

Mwanangu, nimekemewa na watu wengi waliopiga kelele. Yeye hakupaza sauti, lakini niliurudisha mkono wangu kama niliyeguswa na moto. Nikachomoa CD, nikarudi Namuwongo, nikaliandikia lile swali jibu lake. CD iliyofuata iliharibika kwa sababu niliichoma, yaani kuiandika, haraka mno. Nikachoma nyingine, polepole.

Safari hii aliniomba nikae nje. Nilikaa barazani, mlango umefungwa. Jirani akaniletea chai, ikapoa mkononi. Nilitaka kugonga, nikajizuia. Ndipo nikaisikia sauti ya mashine, kavu, ya puani, ikimsomea kwa Kifaransa. Na Mama Furaha akaijibu kama mtu aliyefikiwa na mgeni:

"Karibu. Karibu sana."

Hakufungua mlango mara moja. Nilimsikia akilia, nikabaki pale pale nilipokuwa.

Tangu hapo hakuniita tena kwa ajili ya Windows. Aliniita tule ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Yule mama aliyehama hakurudi, na diski yangu haikuweza kumrudisha. Mama Furaha aliishi na uchungu huo hadi alipofariki.

Basi nakuasa, mwanangu. Ukifungua kompyuta ya mtu, yaliyomo si yako, hata kama mwenyewe hakuoni. Usimsaidie mtu kwa namna itakayomfanya akuhitaji daima, halafu ukaita huo wema. Na kazi usiihesabu imekwisha kwa kuwa imekubali ukiwa umeishika wewe. Mwachie atakayeitumia, toka nje, usubiri. Na ikikwama, rudi uanze upya bila kununa.

Mungu akupe mikono tulivu na kinywa kinachojua kunyamaza. Watu wakikuona mlangoni, mioyo yao itulie. Na kila nyumba utakayotoka, uiache ikijiweza. Amina.